Kufuma kwa Mkono: Jinsi Mkono Unavyofundishika

Sisi twakaa Rau, kata iliyo katika mji wa Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro.

Watu wasioijua nchi hii hudhani kwamba mahali palipo karibu na ikweta ni pa joto mwaka mzima. Sisi tukaao huku twajua sivyo. Mwezi wa Juni na wa Julai mawingu huufunika mlima, Kibo haionekani siku nyingi, na asubuhi watoto waendao shule hujikunyata njiani kama vifaranga. Wenzetu wa juu, Kibosho na Marangu, huona baridi kupita sisi. Katika miezi hiyo sweta ni kitu cha lazima, wala si pambo.

Leo twataka kuzungumza habari za kufuma kwa mkono, yaani kazi ya kutengeneza sweta, soksi na kofia kwa sindano mbili na uzi. Sisi si mafundi wa kazi hii. Hatuli kwayo wala hatuvai kwayo ila kidogo. Twaifanya jioni, baada ya shamba na jikoni, kwa sababu twaipenda. Lakini katika kujifunza kwetu tumeona mambo yanayofaa kujulikana na kila mtu ajifunzaye kazi ya mkono, awe mfumaji, mshonaji, mwashi au mchonga mizinga.

KUFUMA NI NINI

Kwanza yafaa tueleze tofauti. Nguo ya kanga hufumwa kwa nyuzi nyingi, nyingine zimelala na nyingine zimesimama, zapishana kama ukindu wa mkeka. Sweta sivyo. Sweta ni uzi mmoja tu, umepindwa ukawa kitanzi, na kitanzi hicho kimevutwa ndani ya kitanzi kingine, na hicho ndani ya kingine, hata mwisho. Ndiyo maana sweta hunyumbulika na kanga hainyumbuliki. Na ndiyo maana pia kitanzi kimoja kikiponyoka, kile kilicho chini yake hukosa kishikio, nacho huponyoka, na mara waona ngazi imeshuka toka kifuani hata kiunoni. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mfumaji huyajua maneno haya kwa vidole vyake.

Kazi hii ni ya zamani. Mjini London, katika jumba la makumbusho liitwalo Victoria and Albert, ziko soksi nyekundu za sufu zilizotoka Misri, zenye umri wa miaka zaidi ya 1,500, nazo zimegawanywa kwenye vidole ili mtu aweze kuvaa ndara juu yake. Soksi zile zilifanywa kwa sindano moja yenye tundu, wala si kwa namna yetu; lakini Misri hiyo hiyo ndiko zilikoonekana baadaye soksi za pamba zilizofumwa hasa kwa vitanzi kama tufanyavyo sasa. Kutoka huko ufundi ulienea hata Ulaya. Basi mtu asidhani kwamba kufuma ni kazi ya wageni wa baridi. Mwanzo wake twaukuta katika bara letu wenyewe.

Wala si kazi ya wanawake peke yao. Zamani katika miji ya Ulaya wanaume walikuwa na vyama vyao vya wafumaji, na kijana alijifunza miaka kadhaa kabla hajaruhusiwa kuitwa fundi. Mwaka 1589 Mwingereza mmoja, William Lee, alibuni mashine ya kufuma soksi, na mashine za leo zifumazo sweta za shule ni wajukuu wa mashine ile. Walakini mashine haikuua kazi ya mkono, kwa kuwa mkono huweza kufuma kitu kimoja kwa ajili ya mtu mmoja, kwa kipimo chake.

VYOMBO NA UZI

Mtu asiseme, sina fedha ya vyombo. Sisi tulianza na spoki mbili za baiskeli, tulizozinoa ncha juu ya jiwe. Spoki ni nyembamba, kama milimita 2, kwa hiyo hufuma nguo iliyobana na kazi huenda polepole. Lakini zatosha kumfundisha mtu. Baadaye tulichonga sindano za mwanzi mkavu, tukazilainisha kwa majani ya msasa hata uzi ukateleza juu yake bila kushikwa. Mwanzi ni mwepesi mkononi, na vitanzi haviponyoki upesi kama kwenye chuma. Mwanafunzi ataanza vizuri zaidi kwa mwanzi.

Uzi nao hupatikana. Kondoo wetu wengi wa Tanzania, kama wale wekundu wa Wamasai, wana malaika mafupi wala si sufu, basi hatupati uzi kwao. Uzi mwingi wa madukani siku hizi ni wa kiwandani, haukutoka kwa mnyama. Lakini katika masoko ya mitumba ya Moshi huuzwa sweta kuukuu za sufu safi kwa bei ndogo, na sweta kuukuu ni bohari ya uzi. Kabla ya kununua, igeuze ndani uangalie mishono. Kama vipande vimefumwa kila kimoja peke yake kisha vikashonwa pamoja, fungua mshono nawe utapata uzi mrefu. Kama vimekatwa kwa mkasi na kushonwa pindo kwa cherehani, iache, maana utapata vipande vifupi vya uzi tu. Na kama sufu imeshikamana ikawa kama blanketi, iache vilevile, haifumuki. Uzi uliofumuliwa huwa na mawimbi. Ufunge kama kitita, uuloweshe katika maji, uutundike ukiwa na kitu kizito kidogo chini yake, nao utanyooka.

Jinsi ya kutambua uzi ni hii. Kata kipande kifupi, ukishike kwa koleo juu ya sahani, ukiwashe. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, huzimika yenyewe, na majivu yake husagika kwa vidole. Pamba huwaka kama karatasi. Uzi wa kiwandani huyeyuka, hudondoka, kisha huwa punje ngumu kama shanga. Jambo hili si la udadisi tu. Kitu kiyeyukacho juu ya moto hushikamana na ngozi. Kwa hiyo mtoto achezaye karibu na mafiga asivikwe nguo ya uzi huo kama tunaweza kupata mwingine.

MKONO HUJIFUNZA POLEPOLE

Aliyetufundisha ni bibi mmoja jirani yetu. Tulimwendea tukiwa na haraka, twataka kufuma sweta nzima. Alitutazama, akasema, "Mjukuu wangu, fuma kwanza kitambaa cha kufutia sahani."

Tuliona haya kidogo, lakini tulitii. Katika kufuma mna namna mbili tu za kitanzi. Namna ya kwanza, uzi hukaa nyuma ya kazi, nawe wavuta kitanzi kuja mbele. Namna ya pili, uzi hukaa mbele, nawe wasukuma kitanzi kwenda nyuma. Mapambo yote ya wafumaji wa dunia yametokana na namna hizi mbili, zikichanganywa, zikiongezwa, zikipunguzwa. Ukifuma uso kwa namna ya kwanza na mgongo kwa namna ya pili, utapata kitambaa laini, lakini kingo zake hujikunja. Ukizipishanisha, mbili hivi na mbili vile, utapata mbavu zinyumbukazo, nazo ndizo zifaazo kwa mikono ya sweta na ukingo wa kofia.

Kitambaa chetu cha kwanza kilikuwa aibu. Kilianza na vitanzi 30 kikaisha na 41, kwa kuwa mwanzo wa kila mstari tulifuma kitanzi kimoja kama viwili bila kujua. Upande mmoja kilibana, upande mwingine kililegea. Bibi hakucheka. Alituambia tukiweke, tufume cha pili, kisha tuvilinganishe. Cha pili kilikuwa kibaya, lakini si kama cha kwanza. Cha tano kilikuwa mraba.

Hapo tulielewa jambo moja. Kichwa hufahamu kwa siku moja. Mkono hufahamu kwa siku nyingi. Mtu akionyeshwa kitanzi huelewa mara moja, hata hudhani amekwisha jua. Lakini vidole vyake bado havijui, navyo havisikii maneno wala havisomi kitabu; vyajua tu kile vilichokifanya mara nyingi. Tena, nusu saa kila siku hufaa kuliko siku nzima mara moja kwa mwezi. Haba na haba hujaza kibaba.

KOFIA ILIYOKUWA KUBWA

Sasa tutasimulia kosa letu, si kwa kujisifu wala kwa kujidhalilisha, bali kwa kuwa lilitufundisha kuliko mafanikio yetu yote.

Mwaka mmoja, mwezi wa Julai, binti wa jirani yetu alijifungua kabla ya siku zake. Mtoto alikuwa mdogo sana. Mtoto wa namna hii hupoteza joto upesi: ngozi yake ni nyembamba, mafuta ya mwili ni kidogo, na kichwa chake ni kikubwa kwa kulinganisha na mwili, karibu robo ya urefu wake. Ndiyo sababu waganga husema akaushwe, alazwe kifuani mwa mamaye ngozi kwa ngozi, na avikwe kofia. Malezi haya ya kifuani yalianza kutumiwa na madaktari mjini Bogotá, katika nchi ya Kolombia, mwaka 1978, mahali ambapo vyombo vya kutia watoto joto havikutosha, na leo yamekubaliwa duniani kote.

Tulisikia habari jioni, tukakaa na taa usiku kucha. Tulikuwa na karatasi yenye maelezo ya kofia, nayo ilisema: anza na vitanzi 64. Tukaanza na vitanzi 64. Kulipokucha kofia ilikuwa tayari, laini, haina kosa hata moja la kuonekana. Twakiri kwamba tulikwenda hospitalini tukiwa na majivuno.

Mamaye mtoto akaipokea kwa mikono miwili. Ilipovikwa, ikateremka ikafunika macho, ikafika puani. Muuguzi akaivua mara moja, akaikunja, akaturudishia kwa upole. Akasema, "Ni kofia nzuri, mama, ila ni ya kichwa kingine."

Mtoto yule alifunikwa kichwa kwa kitu kingine, akapona, akakua. Miezi kadhaa baadaye kofia ile ile ilimtosha, akaivaa. Lakini baridi ya Julai haikuingoja.

KIPIMO

Tuliporudi nyumbani tulitafuta sababu. Karatasi haikudanganya. Yule aliyeiandika, kwa mkono wake na uzi wake, alipata vitanzi 24 katika kila sentimita 10. Kwa hiyo vitanzi 64 vilimpa kofia yenye mzingo wa karibu sentimita 27, ndiyo inayofaa kichwa cha sentimita 30, maana kofia lazima iwe ndogo kidogo kuliko kichwa ili ikishike. Sisi mkono wetu ni mlegevu na uzi wetu ulikuwa mnene: katika sentimita 10 twapata vitanzi 18 tu. Wanafunzi na wapige hesabu hii: gawanya 64 kwa 18, zidisha kwa 10. Jawabu ni sentimita 35 na nusu na zaidi kidogo. Kofia ilizidi kwa sentimita 8 na ushei, nasi hatukujua, kwa sababu hatukupima.

Kama tungepima tungezidisha 27 kwa 18, tukagawanya kwa 10, tukapata 48 na kitu. Tungeanza na vitanzi 48, ambavyo vyagawanyika kwa 4 na hivyo vyafaa kwa mbavu za mbili mbili, na kofia ingemtosha.

Basi kipimo hufanywa hivi. Fuma kwanza kitambaa kidogo chenye upana wa sentimita 15, kwa uzi ule ule na sindano zile zile utakazotumia. Kifue, kikaushe kimelala, usikivute. Kisha weka rula katikati, mbali na kingo, uhesabu vitanzi vilivyomo katika sentimita 10. Vikiwa vingi kuliko vile vinavyotakiwa, chukua sindano nene zaidi. Vikiwa vichache, chukua nyembamba. Usijaribu kuulazimisha mkono ubane au ulegee, maana utashika amri kwa mistari mitano, kisha utarudia desturi yake.

Kitambaa hiki huchukua saa moja. Watu wengi huona ni saa iliyopotea. Sisi pia tuliona hivyo, tukapoteza usiku mzima.

KUTAFUTA KOSA

Jambo jingine ni hili: mtu aonapo kazi imekwenda kombo, afanye nini? Mwanafunzi hufanya moja katika mambo mawili. Ama huendelea akitumaini kwamba halitaonekana, ama huikasirikia kazi akaifumua yote. Yote mawili si mazuri.

Watu wa Kilimanjaro tunayo mifongo, ile mifereji waliyoichimba wazee wetu kuleta maji ya mito hata vihambani. Maji yasipofika kwenye migomba, mwenye akili haanzi kuchimba pale aliposimama. Huupanda mfongo akiufuata, akitazama kando zote mbili, hata afike mahali palipobomoka. Pale ndipo aweka jiwe na udongo. Huenda pengo ni dogo, lisilozidi kiganja, nalo limeyanyima maji mashamba kumi.

Mfumaji naye afanye vivyo hivyo. Asimame. Ahesabu vitanzi. Kama havitimii, ashuke mstari kwa mstari kwa macho hata aone ulipo upungufu. Kama ni kitanzi kilichoponyoka, hana haja ya kufumua: akikamate kwa ncha ya sindano au kijiti chenye ndoano, akipandishe ngazi kwa ngazi, akivuta kila uzi uliolala kupita ndani yake, hata afike juu. Kama ni kosa la hesabu lililo mistari mingi chini, basi afumue hata hapo, wala asipite hapo. Na akiisha kutengeneza ajiulize, kosa hili lilitokea lini? Mara nyingi ataona ni pale alipoitwa mlangoni, au aliposinzia. Tangu siku ile sisi hatuiweki kazi chini katikati ya mstari.

KUENDELEA MBELE

Wengi hujua kufuma, lakini wamekaa mahali pamoja miaka kumi, wafuma kitambaa kile kile. Kurudia peke yake hakumfanyi mtu fundi. Sisi tumejiwekea desturi tatu.

Ya kwanza, katika kila kazi mpya tunaweka jambo moja geni, wala si mawili. Kama umbo ni geni, uzi uwe wa kawaida. Kama pambo ni geni, umbo liwe lile tulilolizoea. Hivyo likitokea kosa twajua limetoka wapi.

Ya pili, tunayo daftari. Ndani yake twaandika uzi gani, sindano gani, vitanzi vingapi, na kilichoharibika. Kofia ile ya Julai imo, pamoja na hesabu yake. Kumbukumbu ya mtu hupenda mafanikio; daftari halichagui.

Ya tatu, tunafundisha. Mtoto akikuuliza, kwa nini uzi ukae mbele, nawe huna jawabu, ujue kwamba hukujua bali ulizoea tu. Siku hizi vijana wengi hujifunza kwa kutazama picha zitembeazo katika simu, na ni vyema, kwani huweza kurudia mara nyingi wapendavyo. Lakini simu haiwezi kuushika uzi ulio kidoleni mwako ikakuambia umebana mno. Kwa hiyo kijana na atazame, kisha aende kwa bibi.

MANENO YA MWISHO

Kwa wale watakaopenda kufumia watoto wachanga, twaongeza tahadhari. Ulizeni kwanza mzingo wa kichwa. Tumieni uzi laini, na mfue kofia kabla ya kuipeleka. Msitie vifungo, tepe wala vishada, na nyuzi za ndani zisiachwe ndefu, kwa maana kidole cha mtoto huweza kunaswa. Wala kofia isiwe badala ya kifua cha mama. Ni msaidizi tu.

Ndugu wasomaji, hatukuwaambieni haya ili kila mtu awe mfumaji. Mwingine atafanya useremala, mwingine atasuka vikapu. Lakini kazi zote za mkono zina njia moja: kuanza na kitu kidogo, kupima kabla ya kukata au kufuma, kulifuata kosa hata chanzo chake, na kutoona haya kufumua.

Mwezi wa Julai hurudi kila mwaka, na kila mwaka huzaliwa mtoto asiyengoja siku zake. Sisi tunazo kofia tatu sandukuni, ya sentimita 25, ya 27 na ya 30, kila moja imeandikwa kipimo chake juu ya karatasi iliyofungwa kwa uzi.